Kofia ya manyoya kwenye chapa ya Benjamin Franklin ya mwaka 1777: ni baridi, ni ugonjwa au ni siasa?

#1 Mkazi wa Nantes

Habari zenu wanajukwaa. Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye soko la vitu vya kale hapa Nantes nikitafuta taa ya mezani, nikarudi nyumbani na mzee ndani ya fremu. Ni chapa ndogo, haizidi daftari la shule, yenye picha ya mzee mwenye uso mpana aliyevaa miwani ya duara na kofia ya manyoya iliyomshuka hadi karibu na nyusi. Chini ya kofia nywele zake zimenyooka na kuanguka mabegani, bila wigi, na koti lake halina nishani wala nakshi ya dhahabu. Nilipolipa euro 12 nilidhani ni mfanyabiashara wa Kirusi. Ndipo nilipofuta kioo nikasoma maandishi ya Kifaransa chini yake: Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston katika New England tarehe 17 Januari 1706; na kwa herufi ndogo zaidi, kwamba imechorwa na C. N. Cochin mwaka 1777 na kuchongwa na Aug. de St. Aubin.

Je, huyu ndiye yule wa noti ya dola 100? Kwenye noti hana kofia wala miwani. Na kama ndiye, ilikuwaje mjumbe wa taifa aende kuchorwa Paris, mji wa wigi na unga wa nywele, akiwa amevaa kama mtega wanyama? Muuzaji aliniapia kwamba karatasi ni ya enzi ya mfalme Louis wa 16, lakini muuzaji huyohuyo alikuwa akimwapia mama aliyenitangulia kwamba kitana cha plastiki ni pembe ya ndovu, kwa hiyo kiapo chake nimekiweka akiba.

#2 Mzee wa Kaunta

Huyo ninamshika kila siku, ndugu yangu. Nina miaka 11 nyuma ya kioo cha duka la kubadilisha fedha hapa Dar es Salaam na wateja wakongwe bado wanazigawa noti zake kwa ukubwa wa kichwa: kuna za kichwa kidogo, zile zilizotangulia mabadiliko ya mwaka 1996, ambazo wengi hawazitaki, na kuna za kichwa kikubwa. Uso ni uleule: paji pana, midomo iliyobanwa kana kwamba anajua umemdanganya. Kofia sijawahi kumwona nayo. Labda rais huyo wa Marekani aliivua alipoingia benki.

#3 Mwalimu Mstaafu

Mzee wa Kaunta, kwa miaka 11 umempa cheo ambacho hakuwahi kuwa nacho. Franklin hakuwa rais. Katika noti za dola zinazotumika leo, yeye wa 100 na Alexander Hamilton wa 10 ndio wawili ambao hawakushika urais. Alikuwa mchapaji, mwandishi, mtafiti wa umeme na mwanadiplomasia, na ndiye mtu pekee aliyetia saini nyaraka zote nne: Azimio la Uhuru la 1776, mkataba wa urafiki na Ufaransa wa 1778, mkataba wa amani na Uingereza wa 1783 na Katiba ya 1787.

Sasa nirudi kwa Mkazi wa Nantes. Picha ya kwenye noti inatokana na kazi za mchoraji mwingine, Joseph-Siffred Duplessis, aliyemchora Franklin kwa rangi za mafuta hukohuko Ufaransa. Yako ni picha tofauti na imetangulia. Charles-Nicolas Cochin alimchora kwa mkono, kisha Augustin de Saint-Aubin akauhamishia mchoro huo kwenye bamba la shaba. Tazama mwaka: Franklin alishuka pwani ya Ufaransa Desemba 1776 akiwa na wajukuu wawili, akapita katika mji huo unaokaa wewe, akaingia Paris siku chache kabla ya Krismasi. Mwaka 1777 chapa ikawa madukani. Wafaransa wengi waliuona uso wake kwa mara ya kwanza akiwa na kofia hiyo.

#4 Nesi wa Likoni

Mimi nitasema ya kwangu kama muuguzi, mniwie radhi wanahistoria. Mzee wa miaka 71 aliyetoka kwenye safari ya bahari wakati wa baridi hahitaji falsafa ili afunike kichwa. Franklin mwenyewe aliandika maelezo ya maradhi yake, na yanasomeka kama kadi ya mgonjwa. Anasema katika safari ya kuja Ufaransa alikula zaidi nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi kwa sababu kuku walikuwa wagumu kwa meno yake, akafika akiwa dhaifu, majipu yakimsumbua, na magamba ya ngozi yamemtapakaa mgongoni, ubavuni, miguuni na mikononi, mbali na yale yaliyoendelea chini ya nywele. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ninayotaka myashike. Wapo wanaodhani ilikuwa soriasi. Iwe hiyo au mba mkali, kichwa chenye magamba na vidonda hakivumilii wigi iliyobana na kupakwa unga. Alivaa kitu laini. Jambo limekwisha.

#5 Mwenyeji wa Philadelphia

Dada Nesi, umefunga faili mapema mno. Tarehe 8 Februari 1777 Franklin alimwandikia barua rafiki yake mmoja aitwaye Emma Thompson (si yule mwigizaji, msianze). Anamwambia amfikirie akiwa mchangamfu kama zamani, amevaa mavazi ya kawaida kabisa, nywele zake chache za mvi zilizonyooka zikichungulia chini ya vazi lake pekee la kichwani, kofia nzuri ya manyoya inayomshuka usoni karibu kufikia miwani. Kisha anaongeza: hebu fikiria jinsi jambo hili linavyoonekana kati ya vichwa vya Paris vilivyopakwa unga! Anaendelea kutania kwamba anatamani kila bwana na bibi wa Ufaransa aige mtindo wake, awafukuze watengeneza nywele na kumlipa yeye nusu ya fedha walizokuwa wakiwalipa.

Mtu anayekuna kichwa kwa maumivu haandiki hivyo. Barua hiyo imeandikwa na mtu aliyekwisha kujitazama kwa macho ya watu wengine na kuipenda picha aliyoiona. Ukiisoma, halafu uitazame chapa, utadhani Cochin alipewa barua aisome kabla ya kuchonga kalamu.

#6 Mchapaji wa Herufi za Risasi

Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 31, ile ya mwanzo tukipanga herufi za risasi moja moja, kwa hiyo nitaacha kofia kwanza nishughulikie karatasi, maana hapa watu wanajadili picha ambayo hatujui hata ilichapwa lini.

Chapa ya bamba la shaba hufanywa hivi. Fundi huchonga mistari kwa patasi nyembamba, bamba lote linapakwa wino, kisha linafutwa hadi uso wake ung'ae na wino ubaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu yake na kupitishwa chini ya rola nzito, ikazama mferejini na kutoka na wino. Kazi hiyo huacha dalili mbili. Wino husimama juu ya karatasi kama mshono, na ukingo wa bamba huacha alama ya kubonyea kuizunguka picha. Mzee wa Kaunta anaijua dalili ya kwanza hata kama hajui jina lake.

Mkazi wa Nantes, itoe karatasi kwenye fremu. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie shavu na manyoya. Ukiona nukta ndogo zilizopangwa kwa safu kama za picha ya gazeti, hiyo ni kazi ya kiwanda ya baadaye na euro zako 12 zimekwenda kwenye fremu. Ukiona mistari inayoanza nyembamba, inanenepa, halafu inaishia kwa ncha, tuendelee kuzungumza. Kisha inue karatasi kwenye dirisha. Karatasi ya Ufaransa ya mwaka 1777 ilitengenezwa kwa mkono kwenye chekecheo la nyaya, na nyaya hizo huacha mistari ya mwanga iliyosongamana, ikikatizwa na mingine iliyo mbalimbali. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo Waingereza walikuwa nayo tayari, lakini Wafaransa wenyewe walikuwa bado hawajaanza kuitengeneza. Na kati ya watu walioonyesha sampuli zake Paris, mmoja ni huyohuyo mzee wa kwenye picha yako.

Kuhusu kofia nitasema neno moja. Huyu alianza kujifunza uchapaji akiwa na miaka 12 katika karakana ya kaka yake Boston, akatoroka mwaka 1723, akapata utajiri Philadelphia kwa gazeti na kalenda. Hata wosia wake unaanza kwa kujiita mchapaji kabla ya kutaja kwamba alikuwa balozi. Mchapaji hakai mbele ya mchoraji bila kujua kwamba picha hiyo itatoka nakala ngapi.

#7 Mzee wa Kaunta

Ninaijua kabisa! Mteja akinipa noti ya 100, kabla sijaiweka chini ya taa ninapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kola ya koti la Franklin. Noti halali inakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Ikiteleza, ninamtazama mteja upya. Sikujua kwamba kumbe ninampapasa mzee kwa elimu ya karne ya 18. Na wewe Mwalimu, nimekubali kosa la urais, lakini bado ninasisitiza kwamba ana sura ya rais.

#8 Mwalimu Mstaafu

Basi kuna jambo litakalokufurahisha zaidi, Mzee wa Kaunta. Franklin alichapa noti za makoloni, na ili kuwashinda waghushi alibuni njia ya kuchukua jani halisi la mti, kutengeneza kalibu yake, kisha kumimina madini na kulichapa nyuma ya noti pamoja na mishipa yake yote. Hakuna mchongaji aliyeweza kuiga mishipa ya jani kwa mkono. Noti za namna hiyo zilibeba pia onyo kwamba kughushi ni kifo. Mchapaji #6 ana hoja: mtu huyu aliijua tofauti kati ya kitu halisi na nakala yake kuliko wengi.

#9 Salumu wa Montreal

Nawasalimu kutoka Montreal, ambako mada hii ina mwenyewe. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1776 bunge la makoloni lilimtuma Franklin, akiwa na miaka 70, pamoja na Samuel Chase na Charles Carroll, kuja kuwashawishi watu wa Kanada wajiunge na uasi dhidi ya Uingereza. Njiani walikuta theluji na barafu ziwani. Alipofika Saratoga mwezi Aprili aliandika kwamba anahofia safari imezidi umri wake, kwa hiyo ameketi kuwaandikia marafiki wachache barua za kuwaaga. Alifika hapa mwishoni mwa mwezi huo, miguu imevimba na majipu yamemjaa, na baada ya siku chache akaona hakuna atakayemsikiliza, akarudi.

Waandishi wengi wa wasifu wake wanasema kofia ilitokana na safari hiyo, nayo ni ya manyoya ya mnyama mdogo wa msituni, wa jamii moja na kicheche. Sasa niambieni: mtu aliyekaribia kufa kwa baridi mwezi Aprili, anapanda meli kuvuka Atlantiki mwishoni mwa Oktoba, atachukua kofia gani? Ile ya sufu? Baridi ya hapa huwezi kuitafsiri kuwa siasa. Mimi mwenyewe nilipofika kutoka Bukavu nilicheka kofia za wenyeji hadi wiki ya pili ya Desemba. Ya tatu nilikuwa dukani.

#10 Msomaji wa Usiku

Ninashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyemtaja mwanafalsafa Rousseau. Mwaka 1766 Allan Ramsay alimchora Jean-Jacques Rousseau huko London akiwa na joho la Kiarmenia na kofia ya manyoya, na chapa za picha hiyo zikauzwa. Kwa msomaji wa Kifaransa wa mwaka 1777, mzee mwenye akili, asiye na wigi, mwenye kofia ya manyoya, alikuwa na maana iliyokwisha andaliwa: huyu ni mtu wa asili, hajaharibiwa na mji. Hapohapo waliongezea kwamba ni Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalojulikana kwa maisha na mavazi ya kawaida, kwa sababu ametoka Philadelphia na amevaa kwa unyenyekevu, na mwandishi Voltaire alikuwa amekwisha kuwasifia Wakweka miaka mingi nyuma.

Na kuna uzi mwembamba unaowaunganisha wawili hao. Aliyechonga mojawapo ya chapa za Rousseau baada ya picha ya Ramsay ni David Martin, mwanafunzi wa Ramsay. Mwaka uliofuata, 1767, David Martin huyohuyo akamchora Franklin mjini London. Franklin alikaa mbele ya mtu ambaye mikono yake ilikuwa imetoka kuchonga kofia ya manyoya ya Rousseau. Mtaniambia ni sadfa.

#11 Mwenyeji wa Philadelphia

Si Mkweka, nisahihishe hilo kabla halijaota mizizi. Franklin alizaliwa Boston katika familia ya Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali, na hapa kwetu aliishi kati ya Wakweka bila kuwa mmoja wao. Hata hivyo sijaona mahali ambapo alijisumbua kuwasahihisha Waparisi, na kimya hicho ninakiweka upande wa hoja yangu.

Picha ya Martin ya mwaka 1767 uliyoitaja ni ushahidi mzuri kuliko ulivyokusudia. Humo Franklin ana wigi, koti la buluu lenye nakshi ya dhahabu, miwani, na sanamu ya Isaac Newton pembeni yake. Alipokuwa London akitafuta heshima ya Waingereza alivaa kama Mwingereza mwenye heshima. Miaka 10 baadaye, Paris, akitafuta fedha, silaha na mkataba, amevaa kama mtu wa msituni. Kilichobadilika ni watazamaji.

#12 Nesi wa Likoni

Kilichobadilika ni ngozi pia, ndugu wa Philadelphia. Mwaka 1767 alikuwa na miaka 61 na hakuwa ametoka kula nyama ya chumvi mwezi mzima. Mnawazungumzia watu wa zamani kana kwamba hawakuwa na miili.

#13 Fundi Fremu

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa karakana. Wote mnazungumza kana kwamba Franklin alijichora mwenyewe. Kwenye chapa kuna majina mawili, na lake si mojawapo kati ya waliofanya kazi. Cochin alikuwa mchoraji wa mfalme na aliijua Paris kama kiganja chake. Angeweza kumwomba mzee avue kofia kwa muda wa kikao, na hakufanya hivyo. Aliacha na miwani, kitu ambacho watu wengi waliochorwa siku zile walikitoa kwanza. Nadhani mchoraji aliona biashara. Kofia na miwani ni vitu viwili ambavyo hata asiyejua kusoma angevitambua kwenye dirisha la duka kutoka ng'ambo ya barabara.

Na biashara ilishika kweli. Mwaka huohuo Jean-Baptiste Nini alimtengeneza kwenye medali za udongo wa kuchomwa, naye akampa kofia ya manyoya, lakini si ileile. Vikaja visanduku vya ugoro na pete. Mwaka 1779 Franklin alimwandikia binti yake kwamba picha, sanamu na chapa, nakala juu ya nakala, zimeufanya uso wa baba yake ujulikane kama uso wa mwezi, hata asithubutu kufanya kosa litakalomlazimu kutoroka, maana popote atakapojitokeza sura itamfichua. Inasimuliwa kwamba mfalme alichoshwa na bibi mmoja wa ikulu aliyekuwa akimsifia Franklin bila kupumua, akamzawadia chungu cha haja ndogo cha kauri bora, ndani yake, chini kabisa, uso wa Franklin.

#14 Mzee wa Kaunta

Chungu hicho kingekuja kaunta kwangu ningekipa kiwango cha kichwa kidogo.

#15 Mwalimu Mstaafu

Hadithi ya chungu imetoka kwa Madame Campan, aliyekuwa mhudumu wa malkia, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1822, zaidi ya miaka 40 baadaye. Tuisimulie, lakini tusiitie muhuri.

Ninao ugumu mwingine ambao Nesi na Salumu hawajautatua. Tarehe 20 Machi 1778 Franklin alipelekwa mbele ya mfalme Versailles. Hakuwa na wigi wala upanga, alivaa kwa unyenyekevu, na kichwani hakuwa na kofia ya manyoya. Katika picha ya Duplessis ya mwaka 1778 kichwa kiko wazi pia, na manyoya yameshuka yakawa kola ya koti. Kama ni ugonjwa, ulipona mara tu mkataba uliposainiwa tarehe 6 Februari? Kama ni baridi, ile ya Machi iliogopa ikulu? Lakini pia kama ni siasa tupu, kwa nini aache silaha iliyomfanikishia mambo katika siku ileile iliyokuwa na watazamaji wengi kuliko zote?

#16 Nesi wa Likoni

Mwalimu, shikamoo, lakini mbele ya mfalme mtu havai kofia, awe mzima awe mgonjwa. Hilo ni adabu, haliamui kesi. Na ugonjwa wa ngozi wa namna ile huja na kuondoka. Ninao wagonjwa wanaojifunga kilemba mwezi huu na mwezi ujao wanakuja kichwa wazi, bila mkataba wowote kusainiwa. Mbona mnasahau simulizi ya wigi? Inasemekana walimletea moja kwa ajili ya siku hiyo, ikakataa kuingia kichwani, na mtengeneza wigi akasema kwa hasira kwamba si wigi iliyo ndogo bali kichwa ndicho kikubwa. Mimi nasikia hapo kichwa kilichovimba.

#17 Mwenyeji wa Philadelphia

Na mimi nasikia hapo mtu ambaye hakutaka wigi na akapata hadithi nzuri ya kuikwepa. Kuna simulizi nyingine kwamba siku ya kusaini mkataba alivaa suti kuukuu ya mahameli ya buluu, ileile aliyokuwa ameivaa Januari 1774 alipotukanwa hadharani mbele ya baraza la mfalme huko London, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba ni kuipa suti hiyo kisasi kidogo. Mtu anayekumbuka suti yake kwa miaka minne hasahau kofia kichwani kwa bahati mbaya.

#18 Mkazi wa Nantes

Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimeitoa karatasi kwenye fremu jana usiku. Kwanza, hakuna nukta. Kwenye shavu ni mistari iliyopinda kufuata umbo la uso, na kati yake vidoa vidogo vilivyochongwa kimoja kimoja, bila safu. Manyoya ya kofia yamefanywa kwa vinyweleo vifupi vinavyokimbia pande tofauti. Pili, kwenye dirisha mistari ya karatasi inaonekana wazi. Tatu, na hapa ndipo furaha iliponipungua, alama ya ukingo wa bamba sikuiona kwa sababu mtu aliikata karatasi pande zote ili iingie kwenye fremu, amebakiza maandishi tu. Nne, nimeilinganisha na picha ya nakala iliyomo katika jumba la makumbusho na uso unaelekea upande uleule.

Nina swali dogo kuhusu tarehe. Binti yangu ana kitabu cha shule kinachosema Franklin alizaliwa tarehe 6 Januari 1705. Je, Saint-Aubin alikosea?

#19 Mwalimu Mstaafu

Hakukosea, na kitabu cha binti hakijakosea. Waingereza na makoloni yao walitumia kalenda ya zamani hadi mwaka 1752, ambayo ilikuwa nyuma kwa siku 11 na mwaka wake ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo tarehe 6 Januari 1705 kwa hesabu yao ni tarehe 17 Januari 1706 kwa hesabu yetu, ambayo Wafaransa walikuwa wakiitumia muda mrefu.

#20 Mchapaji wa Herufi za Risasi

Mkazi wa Nantes, umefanya kazi nzuri lakini hatujafika. Uso kuelekea upande uleule unaondoa baadhi ya nakala, si zote. Mnakili mvivu huchora kama anavyoona moja kwa moja kwenye bamba, na karatasi ikitoka, sura imegeuka kama kwenye kioo. Mnakili makini huugeuza mchoro kwanza, kwa hiyo hatoi siri. Mistari ya karatasi nayo inaweza kuigwa. Karne ya 19 walipenda sana kuchapa picha za kale kwenye karatasi zenye sura ya kale. Na ipo njia ya kuhamisha picha kwa mwanga na asidi hadi kwenye shaba ambayo haiachi nukta za gazeti, na wino wake pia huketi mferejini. Kwenye njia hiyo, hata hivyo, mistari huwa na kingo zilizolika kidogo, kama kamba iliyochakaa, wakati mstari wa patasi una kingo safi.

Tazama mahali pamoja tu: nywele zinapotokea chini ya kofia, juu ya sikio. Je, kila unywele uko peke yake, au wino umeziba kati yake?

#21 Mkazi wa Nantes

Umeziba. Upande mmoja nywele sita au saba zimeungana kuwa utepe mweusi. Leo mchana nilikwenda maktaba ya mji na mhudumu akanifungulia kitabu chenye picha kubwa ya chapa hiyo. Humo nywele zimetengana hadi mwisho.

#22 Fundi Fremu

Basi ni nakala. Pole sana. Fremu ni ya mbao gani?

#23 Mchapaji wa Herufi za Risasi

Usimzike mtu kabla ya daktari. Bamba la shaba ni laini, na baada ya mamia ya karatasi mistari hufifia. Mwenye bamba linalouzwa kama maandazi ya asubuhi halitupi. Humrudishia mchongaji aitie mistari kina, na mistari iliyochongwa upya huwa minene, hasa ile iliyokaribiana kama nywele. Inawezekana pia fundi siku hiyo hakufuta wino vizuri. Nakala ya baadaye ingetoa utepe huo, na bamba halisi lililochoka lingeutoa vilevile.

#24 Msomaji wa Usiku

Kwa hiyo tuna kofia yenye maelezo matano na karatasi yenye maelezo matatu. Nilikuja kusoma kwa dakika kumi, sasa ni saa nane za usiku.

#25 Salumu wa Montreal

Kofia ina maelezo moja. Njooni Januari mtalisoma wenyewe.

#26 Mchapaji wa Herufi za Risasi

Mkazi wa Nantes, jambo moja la mwisho. Zima taa ya juu, weka karatasi mezani, lete mwanga kutoka ubavuni uangaze herufi B ya jina lake. Kama wino umesimama, B itatupa kivuli chembamba upande wa pili. Piga picha uiweke hapa.

#27 Mkazi wa Nantes

Nilijaribu sasa hivi kwa tochi ya simu. Kivuli kipo kwenye mgongo wa B, kwenye matumbo yake sikioni. Kesho asubuhi jua linaingia jikoni kwa ubavu. Nitapiga picha kabla ya kwenda kazini.